NILINYAMAZA SIKU TANO KWA MISTARI MINNE

PAAAH!

Kofi lilinipata nikiwa bado na rangi ya jukwaani usoni.

Maua yakanidondoka. Watu wote pale nyuma ya jukwaa wakageuka.

"Jokha?! Umeshikwa na wazimu?"

"Mwezi mmoja tu, Daisy! Mwezi mmoja nimeondoka, nimekuachia mtu mmoja umwangalie. Mmoja!"

"Mtu gani? Jokha, unaongea kuhusu nani?"

"Teopista amekufa."

Jamani…

Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya watu zaidi ya elfu moja, wananipigia makofi. Masikio yalikuwa bado yanalia.

Jokha alikuwa ameshika karatasi. Nikaitambua hata kabla hajaikunjua. Niliisoma mimi mwenyewe, Alhamisi asubuhi.

"Hii alikupa au hakukupa?"

"Alinipa, lakini…"

"Basi we ndo umemuua."

Wasomaji wangu, kama simu yako iko na asilimia kumi, chomeka chaja kwanza. Hii nataka uisome mpaka mwisho. Usiniambie umeishia kwa kofi!

Turudi nyuma kidogo.

2017. Mimi ni mtoto wa Kakamega, miaka ishirini na tatu, nahudumia meza kwa hoteli moja pale Marina, Dubai. Sauti yangu ni soprano, ile ya juu kabisa. Kwetu kuimba si kipaji, ni kama kuwa na pua. Shuleni mwalimu alikuwa anatuandikia do-re-mi ubaoni, tunaimba nyimbo za Kitaliano kwa mashindano ya muziki, tunashinda, na hakuna hata mmoja wetu anajua tunasema nini!

Sasa pale hotelini, saa ya chai, kulikuwa na mama mmoja kutoka Georgia, ile nchi jirani ya Urusi, anapiga piano. Sisi wafanyakazi tulimwita Madam tu. Mkali huyo! Akikutazama unakumbuka dhambi za darasa la nne.

Siku moja napanga vikombe, anapiga wimbo ninaoujua. Nikaufuata chini chini. Sikujua hata kama naimba.

Piano ikanyamaza.

"Wewe. Nani amekufundisha?"

"Kanisani tu, Madam."

"Rudia. Kwa sauti."

"Madam, niko kazini, bosi ataniua."

"RUDIA!"

Nikarudia. Trei mkononi. Wageni wakaacha chai yao ipoe.

Kumbe huyo mama kwao alikuwa akifundisha waimbaji wa opera miaka thelathini!

Kwa wale hamjui, opera ni mchezo wa kuigiza ambapo hakuna anayeongea. Kila kitu kinaimbwa. Mtu akitaka maji, anaimba. Akifa, anaimba kwanza dakika kumi ndio afe. Na hakuna maikrofoni! Ukumbi mzima ulisikie koo lako peke yake.

Mwaka mmoja na nusu Madam akanifundisha bure, kwenye chumba cha kupigia pasi, kati ya mashuka. Nililia humo ndani mpaka dobi akazoea.

Halafu kikundi kikaja kutoka Ulaya na opera yao. Waimbaji wakubwa walikuja nao, lakini zile sehemu ndogo ndogo wakatafuta watu wa hapa hapa Dubai. Madam akanipeleka nijaribiwe.

Nikapita!

Sehemu yenyewe ilikuwa kijakazi. Naingia, namwambia bibi yangu kuna mgeni mlangoni, namwambia huyo mgeni amelowa mvua, nauliza aingie ama asiingie, natoka.

Mistari minne. Cheka tu, hata Tonny, mlinzi wa jirani yetu, alicheka. Lakini muulize mtu yeyote wa opera. Wote walianzia kwa mlango wa namna hiyo. Ukiimba mistari minne vizuri, mtu anaandika jina lako mahali. Ukiiharibu, unarudi kwa vikombe.

Sasa niwaambie tulikokuwa tunaishi.

Al Ras, jengo la zamani, ghorofa ya tatu, chini ni maduka ya viungo. Nguo zetu zote zilinuka mdalasini. Chumba kimoja, vitanda sita, wanawake sita. Jokha alikuwa Mzanzibari, muuza mabaibui huko Deira, mdomo kama wembe. Na Mama Teopista, wa Bukoba, miaka hamsini na mbili, anafanya usafi kwa mall.

Huyo ndiye alikuwa mama wa chumba. Ukiumwa, uji wake. Ukiachwa na mwanaume, bega lake. Akipika ndizi, hata jirani Mpakistani anabisha mlango na sahani.

Siku niliporudi na habari ya mistari yangu, yeye ndiye alipiga kigelegele cha kwanza.

"Waitu! Mwanangu ataimba mbele ya Waarabu!"

"Mama, ni mistari minne tu."

"Hata ingekuwa mmoja. Mimi nitakaa mbele kabisa."

"Utalala dakika ya tano."

"Nitalala nikiwa mbele!"

Tukacheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Mwezi huo Jokha akaenda Unguja kwa harusi ya dada yake. Mlangoni akaniambia, "Mwangalie mama yetu. Akikupa kitu umfanyie, mfanyie." Nikasema sawa. Nani angesema hapana?

Zimebaki siku sita… sauti ikakatika.

Ijumaa nilikuwa nimeimba ibada tatu mfululizo, maana huku kanisa letu ni Ijumaa. Jumamosi mazoezi kutwa kwenye ubaridi wa AC. Jumapili nikaamka, nikasema "habari za asubuhi", kikatoka kitu kama mlango wenye kutu.

Madam alinivuta kwa daktari wa koo. Kamera ikapitishwa puani. Nyuzi za sauti zimevimba.

"Khalas, imeisha," akasema Madam. "Jumatatu mpaka Ijumaa, hakuna kuongea."

"Hata kunong'ona?"

"Kunong'ona ndiko kubaya zaidi! Neno moja tu, Daisy, na mimi mwenyewe nitawaambia wakutoe. Kuna msichana amesimama pembeni, anajua mistari yako yote."

Jumatatu nikaanza kunyamaza. Jioni iliyotangulia niliandika kwa group yetu ya chumba: "Mabeshte, amri ya daktari, siongei mpaka Jumamosi. Ukiniuliza kitu nitakuandikia. Si kiburi, ni koo." Wote wakajibu. Mama Teopista akatuma vidole gumba vitatu.

Manze, kunyamaza ni kazi!

Watu wetu hawaelewi mtu asiyejibu salamu. Tonny, soja wa jengo la pili, Mkenya mwenzangu, alinipigia kelele ngazini.

"Daisy, sasa?"

Nikapunga mkono.

"Ebu tazama! Hajaimba hata wimbo mmoja na tayari salamu zetu hazifiki!"

Nikamwandikia kwa simu, nikamwonyesha. Akasoma, akacheka, akaniomba msamaha. Nikaona kumbe ni rahisi. Unaandika, mtu anasoma, mambo yanaisha.

Alhamisi asubuhi.

Mama Teopista akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, ameshavaa sare yake ya kazi.

"Mwanangu, umelala?"

Nikatikisa kichwa.

"Hebu niangalizie hii wanasemaje. Juzi kifua kilinibana kidogo, nikapita kliniki. Yule nesi alinimwagia Kiingereza kama mvua ya mawe. Nikasema yes, yes, nikatoka."

Akacheka. Nikacheka bila sauti.

Halafu nikasoma.

Barua ilikuwa ya Jumanne. Ilisema kipimo cha moyo wake si kizuri hata kidogo. Aende hospitali kubwa, chumba cha dharura, SIKU HIYO HIYO. Asifanye kazi ya nguvu. Asingoje.

Na leo ilikuwa Alhamisi!

Nawaapia, nilifungua mdomo. Neno "Mama" lilikuwa hapa, kwenye meno.

Nikamwona Madam kichwani. Nikamwona yule msichana amesimama pembeni na mistari yangu.

Nikaufunga.

Nikachukua simu, nikaandika mbio, kwa Kiswahili, herufi kubwa zote:

"MAMA USIENDE KAZINI. MOYO WAKO UNA SHIDA KUBWA. NENDA HOSPITALI SASA HIVI, DHARURA, WAONYESHE HII BARUA."

Nikampa simu.

Akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu. Macho yakashuka polepole mpaka chini ya kioo, yakapanda tena. Nikangoja ashtuke.

Akatabasamu.

"Sawa, mwanangu. Nimeona."

Nikasema moyoni, huyu mama ni jasiri! Nikamwonyesha mlango kwa nguvu. Nenda! Sasa!

"Haya, naenda, naenda. Usinifukuze!"

Akanishika kichwa, akanirudishia shuka miguuni, akatoka.

Saa sita mchana nikamtumia meseji: "Umefika hospitali? Wamesemaje?" Tiki mbili. Zikageuka bluu. Akanijibu kwa voice note, kama kawaida yake:

"Mwanangu, nimeona ujumbe wako, asante. Usihangaike na mimi. We pumzika."

Roho ikatulia. Jioni akarudi amechoka. Nikamwinulia kidole gumba, kama kuuliza. Akaniinulia cha kwake. Ijumaa nilikuwa mazoezini tangu alfajiri, natembea tu jukwaani bila kuimba, tukapishana. Jumamosi nikaamka, ameshatoka.

Jumamosi, show ya alasiri.

Madam akaniruhusu kuongea saa nne asubuhi. Neno langu la kwanza baada ya siku tano lilikuwa "aaa", kwenye piano. Likatoka safi kama glasi!

Wueh, sijui niwaeleze vipi kile nilichosikia jukwaani. Taa zinakuchoma, huoni mtu hata mmoja, unajua tu wako. Nikaingia na joho langu la kijakazi. Okestra ikanisubiri. Mimi! Wazungu sitini na vyombo vyao wakamsubiri mtoto wa Kakamega avute pumzi.

Nikaimba ule mstari wa kwanza. Sauti ikapanda mpaka juu kabisa ya ukumbi, ikanirudia kama mtu aliyeniitikia.

Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Nikatoka. Pembeni Madam alikuwa analia, na huyo hajawahi kulia. Mwisho, tulipotoka kuinama mbele ya watu, mtu akanirushia maua.

Ndipo nikarudi nyuma ya jukwaa, nikakutana na mkono wa Jokha.

"Basi we ndo umemuua."

"Nilimwambia!" Sasa nilikuwa napiga kelele, koo likienda liende. "Jokha, naapa nilimwambia! Ngoja!"

Nikaivuta simu kwenye mkoba. Nikamwonyesha ile meseji ya saa sita. Nikamwonyesha ile ya herufi kubwa, ilikuwa bado iko pale nilipoiandika.

"Ona! Alhamisi asubuhi! Nilimpa simu akasoma mbele yangu! Akaniambia ameona! Kama hakutaka kwenda, mimi ningefanya nini?"

Jokha akasoma.

Akasoma tena.

Akashuka taratibu, akakaa sakafuni, kwenye maua.

"Daisy… ulimwandikia."

"Ndiyo! Kwa Kiswahili! Herufi kubwa!"

"Teopista hajui kusoma."

…

Sikuelewa. Kweli kabisa, sikuelewa. Nikasema, "Kiingereza?"

"Chochote. Hata jina lake. Miaka sita namsomea mimi, tukiwa wawili tu, mlango tumefunga. Meseji za mwanawe, fomu za kazi, kila kitu. Yule anafungua tu na kutazama. Ndo maana kutwa kutuma sauti."

Tangu siku hiyo nimelijua hili: tiki za bluu husema mtu amefungua. Hazisemi amesoma.

Halafu Jokha akasema kitu kingine, kwa sauti ndogo sana.

"Jana kanipigia simu. Kasema, 'Jokha, ukirudi kuna karatasi unisomee. Nilimpa Daisy, lakini Daisy hasemi. Kaniandikia kitu kwenye simu, naona aibu kumwambia.' Na mimi nikamwambia, kesho nafika bibi, ngoja kesho."

Akajifunika uso kwa buibui.

"Nikamwambia angoje, Daisy. Yarabi, nikamwambia angoje!"

Hapo nikajua kofi lile nusu alikuwa anajipiga mwenyewe.

Mama Teopista alianguka saa saba kasoro mchana, akisukuma mashine ya kupigia deki. Alifika hospitali hana pumzi. Simu ya msimamizi wake ilimkuta Jokha anatoka airport na masanduku; ile karatasi alikabidhiwa hospitali, ilikuwa mfukoni mwa sare. Yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa napakwa rangi.

Nikakaa sakafuni karibu na Jokha, na lile joho la kijakazi. Hakuna aliyetufukuza.

Mnadhani imeisha? Bado.

Teopista alikuwa na mtoto mmoja, Pauline, yuko chuo huko Bukoba, anasomea ualimu. Asubuhi yake Jokha alishampa habari. Kabla sijaongea na Pauline, Jokha akanishika mkono.

"Pauline hajui kuwa mamake hakuwa akisoma. Aliniapisha, Daisy, kwa Mungu wake na wangu. Kasema, 'Mwanangu atasimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha kusoma. Asisimame na aibu yangu.' Tafadhali."

Nikachukua simu, nikampigia Pauline.

"Dada Daisy?"

"Ndiyo. Pole, Pauline. Pole sana, mdogo wangu."

"Asante dada. Mama alikuwa anakutaja sana." Akapenga kamasi. "Naomba unieleze kitu kimoja. Naambiwa alikuwa na barua ya daktari tangu Jumanne. Mama yangu si mzembe. Kwa nini hakwenda?"

Jokha ananitazama.

Jamani, nilikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa linanisafisha kabisa. Mama yako hakujua kusoma, mimi nilimwandikia, sikujua. Basi! Meseji ziko, saa iko, ushahidi wote uko kwenye simu yangu. Pauline angelia, angenielewa, labda tungekuwa ndugu mpaka leo.

"Barua ilikuwa ya Kiingereza," nikasema. "Alinipa mimi nimsomee."

"Ehe."

"Sikumsomea."

"Hukumsomea?"

"Sikumsomea, Pauline."

"Ulikuwa na haraka?"

"Hapana. Daktari aliniambia nisiongee. Nilikuwa napumzisha sauti, nipate kuimba."

Nilisikia kuku mahali nyuma yake. Nilisikia watu wanasogeza viti, msiba unaanza.

"Na uliimba?"

"Niliimba."

"Sawa, dada."

Akakata.

Sijawahi kusikia sauti yake tena.

Na mjue, kila neno nililomwambia lilikuwa kweli. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Nilidhani namfichia siri mama yake, kumbe nilikuwa nasema kilichotokea. Alinipa barua nimsomee. Sikumsomea. Nilijitafutia njia ya kumsaidia isiyonigharimu chochote, nikaridhika nayo. Meseji ile ilikuwa nzuri sana kwangu. Kwake ilikuwa kioo cha simu chenye mwanga tu.

Madam aliniambia sina kosa. Alisema ningeongea, ningepoteza ile nafasi. Nikamwuliza, "Kwani ningepoteza nini, Madam?" Akafungua piano, akaifunga.

Bado naimba. Msinichukie kwa hilo. Show ya pili nilikwenda, na baada yake nikapewa kijakazi mwingine mwenye mistari tisa, halafu dada wa mtu, halafu mwaka huu mke wa mtu mwenye wimbo wake mwenyewe. Watu husema ninapoimba kuna kitu kinawashika hapa kifuani. Nawaambia asante.

Funzo langu ni fupi, na si la waimbaji peke yao. Mtu mzima akikupa karatasi na kukwambia "niangalizie hii", msomee. Kwa mdomo. Neno kwa neno, hata kama unajua anajua. Usimwulize kama ameelewa. Mwambie akurudishie ulichosema. Na akikujibu "nimeona", kaa naye dakika moja zaidi.

Majina yote humu si yenyewe, hata langu. Mji wake pia si ule. Nimefanya hivyo ili Pauline, akipita hapa kwa bahati, asijitambue.

Ni mwalimu sasa. Nasikia ni mzuri sana. Anawaambia watu kwamba huko Dubai kuna mwanamke alimwacha mama yake afe kwa sababu ya wimbo.

Mkikutana naye, msimsahihishe.